Mtaa Uliokunjwa Kwenye Ukurasa wa Maji

"Kama mtaa wetu umo humu, mbona nikiutafuta hauonekani?" shangazi aliniuliza, akininyooshea simu yake iliyofunguliwa kwenye ratiba ya maji. Mimi, mwenye shahada ya kompyuta na mdomo wa kuhoji kila kitu, nikaipokea nikaanza kuikagua.

Nilikuwa nimepanda Newala kutoka Masasi kwa ajili ya mjukuu wake, aliyekuwa anatoka unyagoni Jumamosi. Bila maji hakuna togwa ya wageni, na pipa la shangazi lilikuwa limebaki na maji ya kunawa tu. Majirani wa mitaa mbalimbali walikuwa wameahidi kuleta ndoo mojamoja, kila mmoja kwa siku ya mgao wa kwao. Siku hizo zilikuwa kwenye ukurasa wa mtandao nilioutengeneza mwenyewe, nikajisifu kwamba unafunguka upesi hata kwenye simu dhaifu. Ulifunguka upesi kwa sababu mitaa yote niliikunja, yaani niliificha mpaka mtu abonyeze, chini ya namba za mabomba. Nani Newala anajua namba ya bomba lake? Watu wanajua mtaa, na kitafutio cha simu hakikuona kilichokunjwa.

"Nikutafutie, shangazi."

"Na wenzangu je? Utazunguka nyumba kwa nyumba?"

Nikakunjua kila kitu. Simu yake ikaganda.

"Umeiua! Hiyo shahada walikupa au uliiokota stendi?"

Mjukuu, mwali wetu, akacheka huko ndani, alikotakiwa kunyamaza.

Nilikaa ukumbini na kompyuta yangu, nikisoma na kubisha kila nilichosoma, mpaka nikakuta namna nyingine ya kuficha. Kivinjari hakihangaiki kuchora kilichokunjwa, lakini maneno yake kinayajua. Mtu akiyatafuta, sehemu ile inafunguka yenyewe. Sikuamini. Nikajaribu mara nne, kisha nikampa shangazi simu.

Akaandika mtaa wake kwa kidole kimoja. Ukurasa ukateremka, ukajikunjua.

"Alhamisi asubuhi!" Akapiga kigelegele, jirani akakiitikia bila kujua cha nini.

Ijumaa pipa lilijaa, na Jumamosi togwa ilitosha hadi kwa waliokuja bila kualikwa. Nikarudi Masasi nikiamini kila jirani alitafuta kwenye simu yake.

Miaka miwili baadaye mjukuu ndiye aliyeniambia: simu za wengi hazikuielewa mbinu yangu, na tangu wiki ile kila mwenye ndoo tupu alikuwa anakuja kwa shangazi kutafutiwa mtaa wake.