Kuku wa Sanduku la Kumi

Kiwanda chetu cha masanduku ya zabibu kilipouzwa kwa mtu binafsi, tajiri mpya alikuja na wazo moja, akalishikilia kama mtu aliyeokota almasi. Mbao zinatoka Iringa, ni ghali, na miti inakwisha. Kwa hiyo sanduku likishashusha zabibu lirudi, lipigwe misumari upya, libebe tena. Wazo zuri. Nililiunga mkono mpaka aliposema anayekwenda kuyarudisha ni mimi.

"Ukiniletea kumi kutoka Ihumwa kabla ya Ijumaa kwisha, unabaki. Yakiwa tisa, nafasi yako anachukua shemeji yangu."

Shemeji yake hakujua hata nyundo inashikwa upande gani. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikachukua mkokoteni wa kiwanda, nikaondoka nimenuna.

Sasa nani alimwambia masanduku yamekaa tu yananisubiri? Kwa mwalimu wa shule ya msingi lilikuwa kabati la vitabu. Kwa muuza mitumba, meza ya kupangia suruali. Kwaya ilikuwa imepanga matatu ili waimbaji wafupi waonekane. Nilipoanza kuyavuta, kiongozi wao akaniuliza, "Sasa hawa wafupi wasimame wapi?"

"Mbele."

Hakuwahi kulifikiria hilo.

Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa na tisa. La kumi nilijua lilipo: chumbani kwangu, limetandikwa khanga mbili, na mwanangu ndimo anamolala.

"Si ulitoe tu," mume wangu akasema. "Mtoto tutalala naye."

Mtoto mwenyewe anapiga mateke kama punda. Nikamwambia baba yake akalale yeye kwenye mkokoteni.

Ijumaa asubuhi nikaingia kwa bibi mmoja karibu na reli. Jikoni kwake kulikuwa na sanduku letu, na ndani yake kuku amelalia mayai.

"Shikamoo, bibi. Hilo sanduku ni la kiwanda."

"Marahaba. Kuku ni wangu."

"Naomba sanduku tu."

"Haya, mwambie ashuke."

Nikajaribu. Akanidonoa mara mbili. Ikabidi nimsimulie bibi yote, tajiri, shemeji, kitanda cha mtoto. Akavuta ugoro, akafikiri.

"Chukua vyote. Vifaranga wakitoka, niletee. Yai likivunjika, utaatamia wewe."

Nikausukuma mkokoteni polepole mpaka kiwandani, kama nimembeba bibi harusi. Tajiri akatoka na daftari.

"Tisa."

"Kumi."

"Hilo lina kuku."

"Ulisema masanduku. Hukusema matupu."

Akainama amtoe. Kuku hakujali tajiri ni nani. Alimdonoa kidole cha mkono wa kulia, akarudi kukaa kwenye mayai yake. Mafundi wakaacha misumeno.

"Litahesabiwa likiwa tupu," alisema huku ananyonya kidole.

"Basi na mimi nifukuzwe likiwa tupu. Huyu bado ana wiki mbili."

"Bosi, mwandikie," fundi mmoja akadakia, "kabla hajakudonoa na mama mtu."

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba ningeweza kweli. Tajiri alinitazama, akamtazama kuku, akaandika kumi kwa mkono wa kushoto. Mimi nikaenda kwenye meza yangu, nikaanza kung'oa misumari iliyopinda.