Ubeti wa Nne wa Mzee Katana

Mimi ndiye niliyeufuta. Si mashine, si kanda kuukuu, si joto na chumvi ya Mombasa ambayo husingiziwa kila kinachoharibika huku kwetu. Ni mimi, kwa kidole hiki hiki ninachoandikia, mchana kweupe, chai ya tangawizi mezani, akili timamu.

Nisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu. Jina langu sitalitaja. Ningekuwa na ujasiri huo, nisingekuwa na kosa la kukusimulia.

Nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja kidogo cha redio hapa kisiwani. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe: mhariri wa maudhui. Kwa maneno ya kawaida, nilikuwa nikisikiliza matusi ili wewe usiyasikie. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nimesoma. Tasnifu yangu ya chuo kikuu, kurasa mia mbili na ushei, ilihusu kejeli. Naam, kejeli! Na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kituo chetu kilikuwa na desturi. Kila Shaabani tulisafisha maktaba ya nyimbo kabla ya Ramadhani kuingia. Ukutani palibandikwa orodha ya maneno yaliyokatazwa. Neno likiwa kwenye orodha, linakatwa, hata liwe limesemwa na nani na kwa sababu gani. Na palikuwa na sharti jingine: ukishapata nakala safi, ile chafu unaifuta kabisa, mtangazaji asije akateleza akaipiga hewani.

Mwaka ule tulikuwa tumeanzisha kipindi cha nyimbo za bendi za zamani za Pwani. Ndipo akaja Mzee Katana. Hilo nalo si jina lake. Lake halisi nimeshalichafua vya kutosha.

Mzee Katana ni mtu wa Kaloleni. Alikuja mjini kijana kubeba magunia bandarini, akaoa Kibokoni, akakaa Kibokoni mpaka akazeeka. Siku za kazi alikuwa kuli, Jumamosi alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki: magitaa ya umeme, suruali za bugaluu, nywele zimefumuka kama kichaka. Nyimbo zao zilikuwa za kuwacheka wakubwa. Alikuja ofisini na kaseti moja, ameifunga kwa kipande cha leso ya marehemu mkewe.

"Hini ndiyo ilobakia," aliniambia. "Wenzangu wote wanne wako chini ya mchanga, na sahani za santuri sijui ziliishia wapi. Ifanyie kopi, kisha unirudishie, mwanangu."

"Usiwe na wasiwasi, mzee."

"Wasiwasi wa nini? Wewe umesoma."

Lo! Wewe umesoma. Angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Mzee aliimba kwa sauti ya bosi mmoja wa bandarini, mtu wa kitambi na funguo nyingi, anayewaita makuli wa Kaloleni na kwingineko huko nyuma ya pwani neno moja baya. Sitaliandika hapa. Walioitwa hivyo wanalijua. Katika beti tatu bosi anajigamba, anawatukana, anacheka. Kisha unakuja ubeti wa nne. Makuli wote wameondoka, meli inapiga honi, na bosi inambidi ajitwike gunia mwenyewe. Kila akipiga hatua anajiita lile lile neno lake, mpaka anaanguka nalo, na gitaa linamcheka.

Nilicheka mpaka nikavua miwani kufuta machozi. Nilielewa! Ningekuwa mjinga ningejisamehe. Nilielewa kila kitu.

Sasa, katika beti tatu za kwanza neno lilitokea mara moja moja. Katika ubeti wa nne lilitokea karibu kila mstari. Kulikata moja moja kungeuacha ubeti matundu matupu. Na ilikuwa Ijumaa, nataka kuwahi msikitini. Mkuu wangu wa vipindi, mama mmoja mwenye haraka za kudumu, akachungulia mlangoni.

"Ule wa Mzee Katana vipi?"

"Una lile neno. Lakini ni kejeli, dada. Yuwamcheka bosi."

"Na msikilizaji yuwajua hivyo?"

"Akisikiliza mpaka mwisho, atajua."

"Nani asikilizaye mpaka mwisho siku hizi? Safisha tu, mwalimu."

Ningeweza kubishana. Nimesomea kubishana! Badala yake nikasema, "Sawa."

Kuna jambo ambalo mkuu wangu hakulijua. Wakati nikinakili, mashine yetu iliitafuna ile kaseti. Utepe ulitoka umesokotana kama tambi, haufai tena. Bahati nzuri sauti ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta, nzima, beti zote nne. Kwa hiyo nakala iliyokuwa mbele yangu ndiyo ilikuwa nakala ya pekee duniani, na nilijua.

Nikanyamazisha neno katika beti tatu. Ubeti wa nne nikaukata wote. Nikahifadhi ile safi. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika nataka kuifuta ile nyingine. Kompyuta ilikuwa na busara kunishinda! Nikabonyeza ndiyo, nikavaa kofia yangu, nikaenda kuswali.

Wimbo ulipigwa Jumatatu asubuhi. Fikiria kilichosikika: bosi anajigamba, anataja watu wa Kaloleni, kimya kidogo, kicheko, basi. Hakuna gunia, hakuna kuanguka. Na kile kimya nilichokiweka kwa ajili ya heshima, kila msikilizaji alikijaza kwa tusi baya kuliko yote anayoyajua.

Simu zikaanza.

"Huyo mzee yuwatutukana, na nyinyi mwampigia!"

"Mumekata neno gani hapo? Kama mumelikata, basi ni kubwa!"

"Na mwisho yuwacheka. Yuwacheka nini, ati?"

Kufikia adhuhuri wimbo ulikuwa kwenye simu za watu, na jina la mwimbaji pamoja nao.

Barazani kwake Kibokoni walianza kwa utani. "Ala, Bwana Katana! Miaka yote hii twanywa kahawa na bosi, wala hatujui!" Akacheka nao. Baada ya siku chache utani ukaisha, akawa akifika watu wananyamaza. Hayo alinisimulia binti yake, Dama, ambaye ndiye anayemtunza.

Kisha dada mkubwa wa mzee akafariki, huko Kaloleni. Mzee akaenda kuzika. Wapwa zake wakamzunguka uani, mbele ya watu.

"Mjomba, ni wewe uliyetuimba vile?"

"Nisikizeni, wanangu. Kuna ubeti wa mwisho. Bosi mwenyewe ndiye aangukaye."

"Tuimbie basi."

Mwaka uliotangulia mzee alipata kiharusi. Kilimwachia mkono mzito na mapengo kichwani. Akaimba. Beti tatu hakukosea hata neno. Beti zile zile tatu! Wa nne haukuja. Dama anasema alisimama pale mdomo wazi, akipiga mapigo ya ngoma pajani kwa mkono wake mzima, akingoja. Mtu akacheka. Mwingine akamwambia akae chini, asiaibishe msiba.

Walipofika kaburini hakuitwa kutupa mchanga. Dada yake wa kuzaliwa naye!

Alikuja kwangu juma lile lile. Alipanda ngazi za ofisi akishika ukuta. Hakuja kugombana.

"Mwanangu, nipe ile nzima, nikawapelekee wapwa zangu. Nyinyi msiipige hewani kama mwaogopa. Wao tu waisikie."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Maneno matatu tu yangetosha: ni mimi niliyeifuta. Mtu aliyeandika kurasa mia mbili hawezi kusema maneno matatu?

"Mzee," nikasema, "kanda ilikuwa imeoza mwishoni. Ubeti wa nne ulikwaruza, nikasikia vipande tu, kisha mashine ikaitafuna."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi ni mimi. Niliiweka kabati la chini, na mvua ikinyesha maji huingia. Dama alinambia niipandishe juu, nikapuuza." Akanishika mkono. "Niwie radhi, mwanangu. Nimekuletea kitu kibovu, nikakupotezea wakati wako."

Akaniomba radhi yeye! Nami nikajibu, "Usijali, mzee."

Tangu siku hiyo kimya kinaniandama. Mtu akisita kidogo katikati ya maneno kumeza mate, nasikia mkato wangu. Imamu akivuta pumzi, nausikia. Nikijaribu kuandika makala, kila sentensi naiona ina pengo ambalo wengine hawalioni. Kazi niliiacha, na nikawaambia watu nimeiacha ili niandike. Siandiki.

Nimejaribu kuukumbuka ule ubeti. Niliusikia kwa vipokea sauti masikioni, mara tatu, mimi mtu wa mwisho duniani kuusikia. Nakumbuka honi. Nakumbuka gitaa. Maneno yamekwenda, yote, isipokuwa lile moja la kwenye orodha. Hilo nalisikia barabara, sauti ya Mzee Katana akiwa kijana, kila siku.

Mwezi uliopita Dama alikuja nyumbani kwangu Kuze.

"Kaka, wewe ndiwe uliousikia. Andika japo unachokumbuka. Baba hatoki tena nje. Huketi ndani mlango umefungwa, apiga ngoma pajani."

Nikaandika siku tatu. Sikukumbuka, nilibuni. Vina vikapatana, mizani ikakaa sawa, bosi akaanguka vizuri na gunia lake. Nikajiambia labda hivi ndivyo nitakavyolipa. Nikaupeleka Kibokoni, Dama akamsomea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya goti.

"Mzuri," alisema. "Lakini si wangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Bosi wangu alijiita lile neno. Huyu wako ajiita 'mnyonge'. Umemwonea haya."

Hakuna aliyenituma! Hapakuwa na orodha, hapakuwa na mkuu mlangoni. Nilikuwa nimemkata tena, kwa hiari yangu, bila hata kujua kwamba nakata.

"Litie basi, kaka," Dama akasema. "Litie tu. Wapwa watamjua kwa hilo."

Nikachukua kalamu. Wallahi, mkono haukwenda. Nilikaa pale kama mtoto aliyeshindwa imla, wote wawili wakiningoja. Mzee akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki hai.

"Mwache, Dama. Asijitese." Kisha akanigeukia mimi. "Si kosa lako, mwanangu. Ni kanda."

Na bado sikusema! Nilikunywa kahawa niliyoletewa, nikashukuru, nikatoka.

Kwa hiyo wewe unayeketi mahali nilipoketi mimi, na orodha yako ukutani: ukiambiwa ukate, na ukate, lakini weka nakala nzima mahali. Sikiliza anayesema ni nani na anachekwa nani, kisha kata ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama mlangoni. Na mwenye wimbo akija kukuuliza, mwambie siku hiyo hiyo. Usimwachie mzee wa watu ajilaumu kwa ajili ya kabati.

Mimi nimeweza kukwambia wewe, nisiyekujua, wala sitawahi kukutana nawe. Kibokoni ni mwendo wa dakika tano kutoka hapa nilipokaa.