Lango Lililoachwa Wazi

Ile asubuhi ya ukungu siisahau, mwanangu, na leo umeirudisha mwenyewe kwa kuniletea daftari lako la Kiingereza, ukitaka nikuoneshe kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Kaa basi. Kuzijua si kazi. Shika kitendo, uulize nani kafanya. Mtendaji akiwa mbele ya sentensi, hiyo ni kauli ya kutenda. Aliyetendwa akikaa mbele, mtendaji akasukumwa nyuma au akafutwa kabisa, hiyo ni kauli ya kutendwa. Huyo anayefutwa ndiye nitakayekusimulia habari zake.

Miaka ya hamsini nilisoma shule ya bweni ya wasichana, hukuhuku kwenye vilima vyetu vya Rungwe. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mbena kutoka upande wa Iringa, mpole, na aliniona hodari. Kauli ya kutendwa niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa na kiburi cha kalamu, nakiri.

Shule ilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na mchungaji wao alikuwa Mzee Ambakisye. Siku hiyo zamu ya kukamua ilikuwa yangu. Nilitoka na ndoo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikaliacha lango bila kulifunga. Ng'ombe wakaingia kwenye ukungu, wakaporomoka korongoni, wakafa wote wawili. Mkuu wa shule, mama wa Kizungu, akataka maelezo kwa maandishi. Nikaandika kwa Kiingereza safi: The gate was left open. Yaani, lango liliachwa wazi. Hapakuwa na uongo hata neno moja. Mkuu akasoma, akamtafuta mtendaji mwenyewe, na kwa kuwa kazi ya lango ilikuwa ya Ambakisye, akamfukuza kabla ya chakula cha mchana. Mzee alikunja blanketi lake akaondoka. Mimi nilikuwa dirishani, nikanyamaza.

Kwetu Wanyakyusa, mwanangu, watu wakimnung'unikia mtu kwa kosa lake, pumzi yao humfikia, ikamwingia kama baridi. Majirani wa shule, watu wa kijiji chetu alikokaa pia Ambakisye, walikuwa wakipata maziwa ya ng'ombe wale kwa watoto wao, kwa hiyo walimnung'unikia mzee kwelikweli. Nilipofika nyumbani likizo, bibi yangu aliniambia kuwa Ambakisye anatetemeka kila adhuhuri, jua likiwa utosini, na dawa za zahanati hazimsaidii. Kisha akanitazama sana.

"Lango lile aliliacha nani?"

"Liliachwa tu, bibi."

"Sijauliza lango. Nimeuliza mtu."

Nikafungua kinywa kurudia yaleyale. Nyuma ya shingo yangu mtu akapumua, pumzi ya baridi. Nikageuka, nikaona ukuta mtupu. Nilishikwa na hofu ambayo sijapata kuihisi tena, nikasema, "Mimi."

Bibi alinipeleka saa ileile kwa Ambakisye. Jua lilikuwa kali, majani ya migomba hayatikisiki, naye kakaa uani kajifunika blanketi hadi masikioni. Pumzi ilikuwa ikimtoka nyeupe, kama alfajiri ya mwezi wa sita. Majirani wakaitwa, nikasema mbele yao nilichofanya. Ndipo ikafuatwa desturi yetu ya kumwondolea mtu pumzi hiyo: kila mmoja alitoa kinyongo chake kwa maneno, akapiga funda la maji kutoka kibuyu kimoja, akayapuliza chini. Ambakisye alipuliza wa mwisho, midomo inamtetemeka.

"Nilikuona dirishani," aliniambia. "Nikadhani utatoka."

Mkuu wa shule nilimwandikia upya, safari hii nikijiweka mwanzo wa sentensi. Naye alikuwa muungwana, akaandika barua ya kumrudisha mzee kazini. Barua ilifika kwake siku ya tatu ya matanga yake. Bibi alisema maji yalichelewa, basi.

Kwa hiyo jifunze kauli zote mbili, mwanangu, na mtihani uufaulu. Ila kosa likiwa lako, jitaje, tena utangulie mbele ya sentensi. Ukijifuta, nafasi yako haikai tupu; mtu mwingine atawekwa hapo, na huenda hana hata blanketi la kutosha. Mungu akujalie kinywa kisichojificha, na adhuhuri zako zote ziwe na joto.