Kura za Mbio za Katoro

Pale Katoro, ukitaka kubadilishiwa kioo cha simu bila kurudi kulalamika baada ya wiki, watu walikuelekeza kwa Mama Blessing. Jina lake hasa ni Sesilia. Ufundi aliupata kwa kaka yake Kahama, na alipoolewa na Luka alikuja nao, pamoja na mkoba wa bisibisi na hita ya kubandulia vioo. Kibanda chake kiko karibu na soko, kwenye barabara ya kwenda Ushirombo, na wateja wake ni waendesha bodaboda, wachimbaji na akina mama wauza mitumba.

Kila alipofunga kioo kipya alikijaribu kwa gemu. Gemu ya mbio au ya mpira inakulazimisha uguse kila kona, na kama kuna mahali tachi imekufa utajua ndani ya dakika mbili. Hivyo ndivyo mama wa miaka thelathini na minne alivyojikuta anacheza gemu kuliko wateja wake. Kisha akaanza kuandika. Kulikuwa na jukwaa la mtandaoni linaloitwa Uwanja wa Gemu, ambako Watanzania waliandika kwa Kiswahili kuhusu gemu wanazocheza. Kila andiko lilikuwa na mishale miwili, wa juu ukilipenda na wa chini ukilikataa. Lenye kura nyingi lilipanda likasomwa na kila anayeingia. Lililoshuka chini ya sifuri lilikunjwa, likabaki mstari mmoja mwembamba ambao hakuna aliyehangaika kuufungua.

Sesilia aliandika kama fundi: gemu hii inamaliza chaji kwa saa moja, hii inachemsha simu za bei nafuu, hii imetangazwa sana lakini ina ngazi tatu tu. Watu wakamwamini. Mwaka wa pili, wenye jukwaa walioko Dar es Salaam wakamwomba awe msimamizi. Ilikuwa kazi ya kujitolea, ya kufuta matusi na kufukuza matapeli. Alikubali kwa furaha.

Shemeji yake Adam, mdogo wa Luka, alikuwa amesomea kompyuta Mwanza. Mwaka juzi alirudi nyumbani na kusema anatengeneza gemu yake mwenyewe, Mbio za Katoro, ya bodaboda. Wote waliishi kwenye ua mmoja: Adam, mama yao, na Sesilia na mwanawe Blessing. Luka alifanya kazi mgodini upande wa Bugarama, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili.

Asubuhi moja Sesilia akichambua maharage barazani, Adam alimwekea kompyuta magotini.

"Shemeji, tazama hii."

Ilikuwa video ya dakika mbili. Bodaboda ilipita kati ya soko la Katoro, mvua ikinyesha, matope yakiruka. Iliingia barabara ya Geita, ikateremka hadi mwaloni Nkome, ufukweni mwa ziwa, ambako dagaa walikuwa wameanikwa. Mama mmoja pembeni alipunga mkono akasema, "Mwangaluka!"

Mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alipiga makofi. "Anasalimia Kisukuma! Mayu wee, mtoto wangu!"

"Nipe niishike," Sesilia alisema.

"Bado, shemeji. Namalizia mambo madogo. We andika tu ulichokiona."

Siku hiyohiyo aliandika. Kichwa cha andiko kilikuwa "Nimeiona kwa Macho Yangu." Alieleza mvua, matope na ile salamu. Hakusema ameicheza. Wala hakusema kuwa hajaicheza. Hakuna kitu chochote kwenye Uwanja wa Gemu kilichowahi kupata kura kama zile. Zilipita elfu mbili kabla ya Jumapili, na andiko likakaa kileleni kabisa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Adam alitangaza tarehe. Akawa anaweka picha kila siku: zimebaki siku thelathini, zimebaki ishirini na tisa. Fulana zilichapwa. Gari la matangazo lilizunguka Katoro na spika mbili likitaja jina la gemu na la Adam, na mara nyingine lilisoma maneno ya Sesilia, neno kwa neno, huku yeye akiwa kibandani ameinamia simu ya mtu. Kanisani mchungaji aliwaombea. Kila aliyemsalimia alimalizia kwa swali, "Mama Blessing, ni kweli ni kali hivyo?" Naye alijibu, "Nimeiona."

Siku ya uzinduzi, Jumamosi mchana, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Kwenye pazia jeupe wakaoneshwa ile video ya dakika mbili, kisha wakaoneshwa tena. Watu walipiga vigelegele mara zote mbili. Sesilia, aliyekaa mbele na mama mkwe wake, aligundua kuwa hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anaicheza. Alimtazama Adam. Adam alikuwa anajifuta jasho na hakumtazama.

Jumatatu Sesilia aliipakua gemu na kuiweka kwenye simu tatu kibandani. Barabara ilikuwa moja tu. Bodaboda ilipenya kwenye kuta za nyumba kama moshi. Mvua haikuwapo, wala Nkome. Ukifika kwenye daraja la kwanza gemu iliganda, na ukiiwasha upya ulianzia mwanzo. Baada ya robo saa simu moja ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kushikwa. Yule mama mwenye salamu alikuwapo, lakini alisema "Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka" bila kukoma, hata ukishampita.

Alifungua jukwaa aone wenzake wanasemaje. Juu palikuwa pamejaa maandiko ya mstari mmoja. "Ya kwetu hii!" "Kanda ya Ziwa oyee!" "Asiyeipenda ahame." Kila moja lilikuwa na kura mamia, na ukiyasoma yote huwezi kujua kama kuna aliyefika darajani. Alishuka mpaka chini kabisa, kwenye yaliyokunjwa, akafungua moja.

Liliandikwa na mtu aliyejiita Philomena wa Nkome. Lilikuwa refu na limetulia. Lilitaja makosa kumi na tisa, moja baada ya jingine, na kwa kila kosa aina ya simu na namna ya kulirudia ili mtengenezaji aone mwenyewe. Mwisho aliandika: "Wazo ni zuri mno. Naomba isiachwe hivi." Lilikuwa na kura mia nne za kulishusha. Majibu chini yake yalimwita mchawi na adui wa maendeleo. Sesilia alilisoma mara mbili. Lilikuwa andiko ambalo yeye mwenyewe, mwaka mmoja nyuma, angeliandika.

Alipofika nyumbani Adam alikuwa anamsubiri, na mama yake ameketi pembeni.

"Shemeji, kuna mtu wa Nkome ananiharibia," Adam alisema. "Hata mtu wa mbali, wa Arusha, akisoma vile ataona sisi ni wababaishaji. Wewe ni msimamizi. Mtoe."

"Alichosema ni kweli, shemeji. Nimeijaribu kwa simu tatu."

"Najua ni kweli!" Sauti ya Adam ilikatika. "Ilikuwa haijaisha. Nilitangaza siku, siku ikafika. Fulana zimechapwa, mchungaji ameshaomba. Ningesimama mbele ya watu niseme nini? Nipe mwezi mmoja. Nitarekebisha yote, ila mtoe huyo kwanza."

Mama mkwe wake hakuwa na simu ya kuingia mtandaoni na hakuelewa mishale. Alichoelewa alikisema taratibu. "Mama Blessing, hii ndiyo nyumba yako. Adam ni mtoto wa nyumba hii. Huyo wa Nkome ni nani kwetu?"

Sesilia alimpigia Luka, ambaye zamu yake ilikuwa imebakiza siku tisa. Kelele za magari zilisikika nyuma yake. "Mke wangu," Luka alisema, "mimi niko mbali. Sitaki nirudi nikute ua umegawanyika. Fanya wanavyotaka, tutaongea nikija."

Asubuhi akiwa kibandani alilifungua lile andiko na kubonyeza Ondoa. Jukwaa likamtaka achague sababu: matusi, utapeli, picha chafu, uongo. Hakukuwa na sababu ya tano. Alikaa akiitazama orodha mpaka kioo kikazima, akakiwasha tena. Akachagua uongo.

Alidhani ataitwa majina mabaya. Badala yake ulikuja ujumbe mfupi wa faragha.

"Shikamoo dada. Mimi ni Philomena, nauza dagaa hapa Nkome. Nacheza wakati dagaa wanakauka. Nilijifunza kuandika kwa kusoma maandiko yako yale ya zamani. Nimeambiwa nimesema uongo. Naomba unioneshe ni wapi, nirekebishe."

Sesilia hakujibu siku hiyo. Kesho yake hakujibu. Wateja nao walikuwa wanakuja na simu zilizochemka hadi zikavimba betri. Siku ya tatu alikuja Thobias, mwendesha bodaboda ambaye simu yake Sesilia ameitengeneza mara nne. Aliiweka mezani.

"Mama Blessing, ulipoandika vile, ulikuwa umeicheza?"

"Niliiona, Thobias."

"Sijauliza kama uliiona."

Thobias hakugomba. Alichukua simu yake, akasema ataipeleka kwa fundi wa stendi, akaondoka. Hilo lilimuuma kuliko ugomvi. Alifunga kibanda kabla ya saa sita mchana, akaketi ndani pamoja na joto la mabati, akaandika.

"Mbio za Katoro sikuicheza kabla ya kuisifia. Niliona video ya dakika mbili. Aliyeitengeneza ni shemeji yangu. Andiko la Philomena nililiondoa kwa sababu ya uongo, na halikuwa na uongo. Nimelirudisha. Lisomeni hilo, msisome langu."

Kisha akamjibu Philomena kwa maneno mawili, "Nisamehe, dada," akaenda kulifuta lile andiko lake la kwanza la sifa. Jukwaa likakataa. Andiko lililopita kura elfu moja haliwezi kufutwa na mwandishi wake wala msimamizi. Linahesabiwa kuwa mali ya wanachama. Alijaribu mara tatu. Ungamo lake, kwa upande mwingine, lilianza kushuka dakika ileile. Kufikia jioni lilikuwa na kura mia sita za kulikataa na majibu ya kumwita msaliti, likakunjwa. Mgeni aliyeingia kwenye Uwanja wa Gemu alikutana bado na "Nimeiona kwa Macho Yangu" likiwa juu kabisa, na jina lake chini yake.

Nyumbani hakuna aliyempigia kelele. Asubuhi alipopiga goti, "Shikamoo mama," mama mkwe aliitikia "Marahaba" huku ameuelekea ukuta, akaendelea kufagia. Chakula kilipikwa kwenye majiko mawili. Adam alimwambia sentensi moja tu, kisimani: "Umenizika, shemeji." Sesilia alitamani kumwambia kwamba angemwonesha mapema angemsaidia. Lakini alikumbuka kuwa aliombwa aandike tu, naye akaandika bila kulazimishwa.

Luka aliporudi aliomba aicheze gemu mwenyewe. Aliketi barazani, mama yake akichungulia begani, mpaka akafika darajani.

"Imeganda," Luka alisema.

"Basi mpe Mama Blessing," alisema mama yake. "Si ndiye fundi?"

Luka aliiwasha upya, ikaanzia mwanzo. Kisha alimtazama mkewe, na Sesilia akaona kuwa ameelewa. Alingoja aseme. Luka alizima simu, akaiweka mfukoni, akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

Sesilia akawaandikia wenye jukwaa kwamba anaacha usimamizi. Aliona huo ndio mlango pekee aliobakiwa nao. Siku nne baadaye Enock, kiongozi wao huko Dar es Salaam, alimpigia simu kwa sauti ya kuchangamka.

"Dada Sesilia, hatukutaka kuamua peke yetu. Tumeliweka kwenye kura."

"Kura ya nini?"

"Ya wewe kuondoka. Wamekataa! Elfu nne wanataka ubaki. Wanasema wewe ni mwanajukwaa wa kweli."

"Hao ndio walioniita msaliti wiki iliyopita."

"Ndiyo hivyo dada, watu wamesema. Ukiondoka sasa itaonekana umewadharau."

Akabaki. Angeweza kutoijibu simu, angeweza kulitoa jukwaa kwenye simu yake, lakini kila mara alipofikiria hivyo alimwona mtu mwingine kwenye kiti kile akiletewa andiko la Philomena na orodha ile ya sababu nne. Alimwomba Philomena wasimamie pamoja. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "Wabeja, asante dada, lakini hapana. Mimi nitaandika. Huko ulipo wewe sipataki."

Adam alirudi Mwanza mwezi wa nane, akapata kazi kwenye duka la kompyuta. Kabla ya kuondoka alirekebisha daraja, kwa njia ileile ambayo Philomena aliieleza, na hakumtaja. Gemu sasa inafika hadi nje ya Geita, kisha barabara inaisha. Mama mkwe ameanza tena kupika jiko moja na Sesilia, ila akitembelewa na wageni husema, "Huyu ndiye aliyewasomea watu aibu ya Adam," huku akiwakaribisha chai. Sesilia huleta vikombe.

Wiki iliyopita ilitangazwa gemu nyingine, ya kampuni ya Dar es Salaam, na siku zimeshaanza kuhesabiwa. Maandiko ya shangwe yamejaa. Mwanachama mmoja aliuliza mbele ya wote, "Mama Blessing, hii umeiona?"

"Video nimeiona," aliandika. "Gemu yenyewe sijaishika, kwa hiyo sina la kusema."

Kabla hajaweka simu mezani, jibu lake lilikuwa na mishale minane ya chini. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na simu iliyopasuka kioo. Sesilia alimkaribisha akae.