Rubani Niliyemsema Dukani Kwangu

Mwezi uliopita nusura tufe tukitua Dar. Mvua inapiga, ndege ikashuka mpaka nikaona mabati ya nyumba kama nitayagusa, halafu ikanguruma na kupaa tena. Kila mteja wangu hapa Kariakoo nilimtajia mkosaji: Rehema, rubani msaidizi, niliyemsikia kwenye spika akijitambulisha. "Mwanamke kaachiwa ndege!"

Jana nikamsimulia binti mmoja aliyeniamkia vizuri, huku namkatia kitambaa. Akatabasamu.

"Baba, kapteni ndiye aliyekuwa anaendesha. Anahangaika na mvua, anajibu waongozaji wa mnara wa uwanjani, matairi bado hayajatoka. Akasahau tuko chini kiasi gani. Mimi ndiye niliyepiga kelele, 'Pandisha!' Naitwa Rehema."

Mkasi ukanidondoka. Sauti moja tu, na wote tukarudi kwetu! Mbele ya wateja, mimi mzee mzima, ikanitoka yenyewe:

"Shikamoo, Rehema."