Mashine Ndogo Niliyomchagulia Mama Noela

Kwa miaka kumi na mitatu niliamini kwamba CD inaisha kama sabuni. Msicheke kwanza. Sikuamini nusu nusu kama watu wanavyoamini utabiri wa mvua, niliamini kabisa, tena nikawafundisha na wengine. Aliyeniambia ni jirani yangu wa dawati katika shule ya usiku (mtu mzima, ana mvi, ana kalamu nne mfukoni, ungemkataa vipi?), akanichorea nyuma ya daftari la hesabu: hapa CD, hapa ule mwanga mwekundu wa ndani ya deki, na ule mwanga, akasema, ni wembe. Kila ukipiga wimbo unakwangua kidogo, na zile rangi za upinde wa mvua unazoziona ukiigeuza CD juani ndiyo makovu yenyewe. Ikishakwanguliwa yote unabaki na kioo cha kunyolea ndevu.

Aibu iliyotokana na mchoro ule nilitaka niizike, lakini Nsambya nzima, mtaa wetu hapa Kampala, wanaisimulia wakiongeza chumvi, na kuongeza chumvi mtaani kwetu ni kazi yangu mimi, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe.

Naitwa Ocen. Baba yangu alikuwa polisi, nimekulia kwenye nyumba za polisi, ndiyo maana Kiswahili changu kimevaa buti. Mchana nalinda geti la maghorofa fulani Bukoto, na kwa miaka sita jioni nilikuwa shule ya usiku mpaka nikapata cheti nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikapiga picha nimevaa joho, picha kubwa kuliko dirisha letu, na tangu siku hiyo mtaa unaniita Profesa, wengine kwa heshima na wengine wakikohoa kidogo baada ya kulitamka.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Mama Noela. Alitoka Bukavu, Kongo, na binti yake mdogo, sanduku moja, na CD moja. Mume wake alikuwa kiongozi wa kwaya huko, na kabla hajafariki kanisa lao liliirekodi kwaya ile, na katikati ya nyimbo Baba Noela anaongea, anatania waimbaji, anamtaja mke wake, anamtaja mtoto. Hakuna mahali pengine duniani ambapo sauti ya yule mtu imebaki. Siku zile za mwanzo kila Jumapili baada ya ibada Mama Noela alikuja nayo kwangu, maana nilikuwa na deki kubwa ya zamani (ukiiwasha majirani watatu wanapungukiwa umeme), mke wangu anachemsha chai, tunakaa kimya tunamsikiliza marehemu.

Siku moja wimbo wa nne ukaanza kurukaruka. Na mimi ndiyo kwanza nimetoka kuchorewa ule mchoro. Nikaitoa CD, nikaiinua kwenye mwanga kama daktari anavyoinua picha ya mbavu, nikaona mikwaruzo, nikatikisa kichwa. Nikamwambia Mama Noela imekaribia kuisha. Akaniuliza imebaki mara ngapi. Nikamwambia mara kumi (hiyo kumi sijui niliitoa wapi, ilikuja tu mdomoni na ikasikika vizuri). Akauliza kama tunaweza kuihamishia kwenye simu, nikamwambia hapo ndiyo utaimaliza kabisa, kunakili ni kukwangua yote kwa mara moja. Mama Noela hakubisha. Aliifunga kwenye kipande cha kitenge, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na Jumapili iliyofuata akaja kunywa chai bila CD. Deki yangu baadaye ikafa, tukaifanya meza ya thermosi.

Noela akakua. Mwaka huu akapata mchumba, kijana anaitwa Fiston, watu wake wanafanya biashara Nateete, na Jumamosi moja ikapangwa ya kuleta mahari. Noela aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kabla ya wajomba kupokea chochote, baba yake aongee ndani ya nyumba, hata kwa wimbo mmoja. Alikuwa na miaka minane mara ya mwisho kumsikia. Aliniambia, tena huku anaosha vyombo, hata hakugeuka, kwamba anakumbuka chai ya kwetu lakini sauti ya baba haikumbuki.

Mama Noela akanipa pesa alizoweka kwa kuuza vitenge, na CD yenyewe ndani ya bahasha, akaniambia, "Papa Lamaro," (Lamaro ni binti yangu), "wewe ndiye umesoma. Nitafutie deki ya bei nafuu, ndogo, unajua chumba changu." Chumba chake kina kitanda, meza, na marobota ya vitenge mpaka darini, ukiingia na kikombe cha chai lazima kitu kingine kitoke.

Nikaingia mjini. Wenzangu, siku hizi kutafuta deki ya CD Kampala ni kama kutafuta mtu anayeandika barua. Duka la kwanza wakanionyesha simu, la pili wakanionyesha runinga. La tatu walikuwa na deki la kweli, bei yake nzuri, kubwa kama kabati la shule, lina maspika mawili ya kuamsha wafu, na nikalikataa si kwa sababu ya chumba peke yake, bali kwa sayansi: deki kubwa, wembe mkubwa. Duka la nne walikuwa na ya mkononi yenye mshikio, mpya, tamu sana kuitazama, lakini bei yake ilinifanya nirudi nyuma nikamkanyaga mtu. Duka la tano, kwa mama mmoja mcheshi anayeuza vitu vilivyotumika, ndipo nilipoiona. Nyembamba kama daftari, nyeusi, inang'aa, ukibonyeza kitufe inatoa kisahani cha kuwekea CD kwa adabu kama mhudumu wa hoteli. Bei ya kushangaza. Nikasema moyoni, hii haikwangui, hii inalamba tu.

Yule mama akaniuliza kwa heshima ya Kiganda, "Sebo, utaichomeka wapi?" Nikamwambia kwenye umeme, kwa sababu niliona waya wake una kichwa kile kile kinachoingia kwenye chaja ya simu. Akanitazama. Akasema nilete CD tuijaribu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoharibu kila kitu, maana CD nilikuwa nayo, iko kwenye bahasha kifuani, na nikakataa. Nikawaza: zimebaki mara kumi, huyu mama ale mara moja bure? Nikamwambia asante, mimi hizi vitu nazijua. Akasema, "Kale, sawa, lakini mimi nikishauza sirudishi."

Nyumbani nilimrudishia Mama Noela CD yake, mashine nikaiunga kwenye chaja, taa ikawaka, nikaridhika. Haikuwa na spika wala tundu la waya wa spika, lakini mtu wa cheti hashtuki. Nilikuwa na kispika changu cha bluetooth, na nikasema ikiwa simu inarusha sauti hewani, deki ya kisasa namna hii itashindwaje?

Jumamosi kitanda cha Mama Noela kilitolewa nje, mabenchi yakapangwa mpaka uani. Watu wa Fiston walikuja wengi, mbele yao shangazi yake Mama Riziki, mwanamke mwembamba mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi huko Nateete. Mchungaji akaomba, kisha akasema wote tusimame, tumsikie baba mwenye nyumba. Mimi nilikuwa na suti ya mahafali. Nikatoa hotuba fupi kuhusu mashine (mke wangu anasema dakika ishirini, mimi nasema tano), Mama Noela akafungua kile kipande cha kitenge polepole, akanipa CD kwa mikono miwili.

Nikaiweka. Mashine ikaanza kuzunguka, ziiii, taa ikakonyeza. Nikasema, "Inasoma." Tukasubiri. Nikasema bado inasoma. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza polepole kama inasoma Biblia nzima, na vijana wa uani wakaanza kubana midomo. Nikatokwa jasho mpaka la magoti. Nikawasha kispika, nikakisogeza karibu na mashine, nikainama nikatega sikio, na katika kuinama mfuko wa ndani wa koti ukabanwa na meza, na ndani ya mfuko ilikuwemo simu yangu.

Kispika kikalia tii. Halafu ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, ya taratibu.

"Mpendwa wangu, najua unateseka."

Watu wakainamisha vichwa. Mimi mwenyewe nikanyoosha mgongo, nikamtazama mke wangu kwa jicho la umeona sasa.

"Unateseka, na huna wa kumwambia."

Mtu fulani nyuma akasema amina. Noela akamshika mama yake mkono, akanong'ona, "Mama, ni yeye?" Mama Noela alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande mmoja, midomo inacheza kidogo, na nikaona kwamba anatafuta. Anaitafuta sauti ya mume wake ndani ya ile sauti, na hana uhakika.

"Tumbo linajaa," ikaendelea ile sauti, "linaunguruma, uko mbele ya wageni, unaogopa kuachia upepo. Dawa yangu ya mizizi..."

Lilikuwa ni tangazo la mganga, walinitumia kwenye kundi letu la walinzi, nililisikiliza asubuhi kwa kispika hicho hicho nikipiga viatu rangi, na mke wangu akalizima katikati. Sasa lilikuwa linamalizika mbele ya wakwe. Nikatafuta simu mfuko wa kulia, ipo wa kushoto, nikatafuta wa kushoto, ipo ndani ya koti, na mganga amefika kwenye choo kigumu. Uani walicheka mpaka benchi likaanguka na watu wake. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia na mabega yanatikisika. Hata bwana harusi, nimemsamehe.

Mama Noela hakucheka. Nilipofanikiwa kuizima alifumbua macho, akasema taratibu, si kwa hasira, "Sikuweza kujua. Nilikuwa nasikiliza, na sikuweza kujua kama ni yeye."

Kicheko kilikatika chumbani kama kimezimwa na swichi. Noela alikuwa amegeukia ukuta. Ningeweza kuingia ndani ya kile kisahani cha mashine nikajifunga.

Mama Riziki ndiye aliyesogea. Akavaa miwani, akaichukua ile mashine, akaipindua, akaufuata waya mpaka kwenye chaja, akanitazama kama anavyotazama mteja aliyeleta karatasi iliyolowa. "Papa Profesa, hii ni ya kuunga kwa kompyuta," akasema. "Yenyewe haina mdomo." Kwenye mkoba wake mkubwa alikuwa na laptop ya kazi. Akaifungua mezani, kati ya soda na maua, akachomeka, akabonyeza, tukasikia watu wanakohoa kanisani zamani, kiti kinasogezwa, halafu mwanaume mwenye sauti nyembamba, tofauti kabisa na yule mganga, anacheka.

"Huu wimbo ni wa Mama Noela, maana ndiye amenipigia shati hili pasi. Noela, usilale. Baba anaimba sasa."

Noela akakaa chini, sakafuni, na gauni lake jipya. Mama yake akakaa naye. Wimbo wote watu walisimama, na yule mzee wa Biblia nzima alikuwa anafuta macho kwa tai yake.

Niseme hapa kiapo changu, maana baadaye sitapata nafasi: tangu siku ile simshauri mtu kitu nilichochorewa nyuma ya daftari. Mtu akiniuliza njia ya kwenda hospitali, na nimeishi chini ya kilima cha hospitali maisha yangu yote, namwambia aulize na mwingine.

Wimbo ulipoisha, Baba Noela akaanza kutaja unaofuata, na Mama Noela akanyanyua mkono haraka. "Zima, mama. Zima tafadhali. Tuwabakishie na watoto wake Noela."

Mama Riziki akasimamisha, hakuelewa. Akauliza kwa nini. Mama Noela akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni desturi ya nyumba, kwamba CD ilikuwa imebaki mara kumi, sasa ni tisa, ndiyo maana hawajaisikiliza tangu Noela akiwa mdogo, Papa Lamaro aliwaambia, ana cheti. Watu wote wakanigeukia. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono.

Mama Riziki akaitoa CD, akaitazama juu na chini, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Hakunitazama mimi. Alichuchumaa mbele ya Mama Noela pale sakafuni.

"Mama, ule ni mwanga tu," akasema. "Unasoma, haukwangui. CD haiishi kwa kusikilizwa."

"Hata mtu akisikiliza kila siku?"

"Hata kila siku."