Sufuria ya Jitu la Ziwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa upanga mpya unaong'aa na kuambiwa niuharibu. Nilidhani Mkuu wa Vifaa ananipima akili. Kule Uvira nilikuwa mchora mabango, na mteja akiona doa moja tu, husikii mwisho wake. Huku Stockholm nikaajiriwa kutia madoa.

Kazi hiyo tuliiita kuzeesha. Nyinyi vijana mnaotazama wasaka hazina kwenye televisheni, jueni kwamba kile kikombe cha mfalme wa kale kilinunuliwa dukani wiki iliyopita. Sisi ndio tuliokipa miaka elfu, kwa siki, chumvi, rangi ya kutu na gundi iliyochanganywa na udongo. Karakana yetu ilikuwa Jakobsberg, na ilinuka siki mpaka abiria kwenye treni walikuwa wakinihama. Mfululizo wenyewe ulikopa hadithi za kale za Ulaya kama jirani mbaya anavyokopa chumvi, bila nia ya kurudisha. Mfalme wa nchi hii alimwoa binti wa nchi ile, zimwi likawalindia dhahabu, na hakuna aliyeuliza.

Mkuu wa Vifaa alikuwa mzee wa kaskazini, mtu wa maneno machache. Akikubali jambo, alivuta pumzi ndani kwa ghafla, na hiyo ndiyo ilikuwa "ndiyo" yake. Mwezi wa kwanza nilidhani ana pumu.

Nilikuwa kibarua wa mikataba mifupi. Mke wangu, Mama Neema, na mimi na watoto tulikaa Vårby gård katika nyumba ya kupangishwa na mpangaji mwingine, ambaye angeweza kutuondoa akitaka. Bila kazi ya kudumu, hakuna aliyekubali kutuandikia nyumba yetu wenyewe. Mkuu alikuwa ameniambia: "Tukimaliza onyesho la sufuria, nitakupa jibu."

Sufuria hiyo ilikuwa ya shaba, hazina kuu ya kipindi kizima. Niliizeesha wiki tatu, nikaiotesha hata ukungu. Kwa kuwa Jumatatu tungepiga picha katika msitu wa jirani na kwetu, kando ya ziwa, niliilaza nyumbani Jumapili, nikaenda mazoezi ya kwaya. Asubuhi niliikuta mlangoni imefungwa kitenge kwa fundo zuri. Nikajisifu kwa kuoa mke mwangalifu, nikaibeba.

Msituni, mbele ya Mwongozaji na kamera zake, nilifungua fundo. Jamani! Niliona uso wangu kwenye ubavu wa shaba, pua na hofu yote.

Nilimpigia Mama Neema simu.

"Umeifanyia nini sufuria?"

"Njo kusema aksanti? Nimeisugua na mchanga na majivu mpaka mikono ikaniuma. Ungerudishia bazungu chombo chao na buchafu ile? Quand même, Baba Neema!" Akiudhika, Kifaransa hakikosi.

Mwongozaji, mama mmoja asiyecheka kazini, aliuliza nani kafanya vile. Nikasema ni mke wangu, kwa mchanga na majivu. Kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu.

"Wala kitupu?" akauliza Mkuu, akainama. Ndani mlikuwa na bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, na ugali umefungwa pembeni.

Jua la huku wakati wa vuli halingoji mtu, na hakukuwa na muda wa kuzeesha upya. Nilijiona tayari nafunga mizigo ya nyumba. Mkuu akatangaza mapumziko ya kahawa, bakuli likazunguka, na Mwandishi wa mfululizo akasema mdomo umejaa: "Kuna jitu la kike ziwani. Kila mwaka hutoka na kuisugua sufuria yake kwa mchanga na majivu. Ndiyo maana inang'aa."

"Hadithi hiyo ipo?" akauliza Mwongozaji.

"Kesho itakuwepo."

Wakapiga picha. Garini, Mkuu aliniambia, "Kazi ya kudumu umeipata. Ila vyombo visilale tena kwako." Nilimwomba arudie, kwa furaha tu. Akavuta ile pumzi yake. Nyumba tukaandikiwa, palepale Vårby gård, na nililia nikishika funguo.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa mtunza ghala kule Akalla, kati ya mataji ya bati na mifupa ya plastiki. Nimestaafu sasa, na mikono bado inanuka siki mvua ikinyesha. Ninawashauri vijana: ukipata kazi ya kuchekesha, ifanye kwa dhati, kwa maana kodi hulipwa ileile.

Majuzi kikundi chetu cha wazee kilitembezwa kando ya ziwa. Mwenye kututembeza akasimama karibu na jiwe, akashusha sauti. Hapa, akasema, tangu enzi za kale sana, mababu wamesimulia kuhusu jitu la kike linalosugua sufuria yake kwa mchanga na majivu.

Nikamtafsiria Mama Neema sikioni. Akalitazama lile jiwe, kisha akanipiga kiwiko.

"Muambie basi na ile sombe."